Boliti iliyoganda inapokula msimu: Je, hita ya indaksheni inalipa?

Mvua zinapoanza katika mikoa yenye msimu mmoja kama Dodoma na Singida, trekta moja huwa na foleni ndefu ya wakulima wanaolisubiri. Kila mmoja anajua kwamba siku za kupanda ni chache, na anayechelewa hawezi kuzirudisha. Katika kipindi hicho trekta likisimama, si lazima iwe injini imekufa au gia zimevunjika. Wakati mwingine kipuri kipya kimeshanunuliwa, fundi yupo na spana zipo, lakini boliti moja iliyoshikwa na kutu imekataa kutoka. Kazi ya saa moja inageuka kuwa ya siku mbili.

Kwa tatizo hilo kuna kifaa ambacho magereji makubwa ya nchi zilizoendelea yamekuwa yakikitumia kwa miaka kadhaa, na ambacho sasa wafanyabiashara wanaweza kukiagiza kutoka China, Ulaya au Marekani kwa bei ambayo gereji ya kati inaweza kuifikiria. Ni hita ndogo ya indaksheni, inayoshikwa mkononi na kupasha chuma moto kwa nguvu ya umeme na sumaku, bila mwali wa moto. Nati iliyoganda inaweza kuwa nyekundu kwa muda usiozidi nusu dakika.

Swali la makala haya siyo kama kifaa hicho kinafanya kazi, maana kinafanya. Swali la kujiuliza ni je, kinamlipa nani? Mwenye trekta moja, fundi wa gereji, au kikundi? Jibu linategemea hesabu, na wahenga walishasema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Matrekta yamehesabiwa, gereji zimesahauliwa

Kwa muda mrefu mjadala wa zana za kilimo nchini umekuwa ukihusu idadi. Mwaka 2009 ilipozinduliwa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza, halmashauri nyingi zilielekezwa kwenye pawatila, na muda si mrefu baadaye matrekta yaliyopatikana kwa mkopo kutoka India yakaanza kuuzwa kupitia SUMA JKT. Katika miaka ya karibuni bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi zaidi ya Sh1.2 trilioni mwaka 2024/25, na suala la zana limerudi tena mezani.

Hata hivyo, zipo pawatila za enzi ya Kilimo Kwanza zilizoishia kufugwa na kuku. Nyingine zilikosa vipuri, nyingine zilikosa fundi, na nyingine hazikufaa kwa udongo zilikopelekwa. Somo lililobaki ni kwamba mashine haizalishi kwa sababu imenunuliwa, bali kwa sababu siku ya kazi inawaka na kwenda shambani. Idadi ya siku hizo inaamuliwa na gereji iliyo karibu, na mara nyingi ni ile tunayoiita gereji bubu, chini ya mwembe, yenye spana chache, nyundo na mashine ya kuchomelea.

Jambo jingine lililobadilika ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yake yote tisa ilikuwa imekamilika. Nguzo za umeme vijijini nazo zimefika mahali ambapo miaka 20 iliyopita hapakuwa na hata taa. Kukatika kwa umeme bado kupo, hasa kwenye njia za usambazaji, lakini fundi wa kijijini leo anaweza kufikiria kifaa cha umeme ambacho baba yake asingethubutu kukiwaza.

Kwa nini boliti huganda

Chuma kinapooza kwa kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi. Ndani ya nati hakuna nafasi ya ziada, hivyo kutu hujibana kati ya meno ya boliti na meno ya nati na kuyafunga pamoja kama saruji.

Mashine za shambani zina kila sababu ya kupata ugonjwa huu. Pawatila za wakulima wa mpunga, kama wale wa bonde la Usangu wilayani Mbarali, hufanya kazi ndani ya maji na tope, na boliti za visu vya rotaveta hazikauki msimu mzima. Mbolea za chumvichumvi hula boliti za mashine za kusambazia mbolea na matela yanayoibeba. Plau na haro hulala nje miezi minane. Studi za bomba la moshi kwenye injini hupashwa joto na kupoa kila siku hadi zinashikana na chuma kilichozizunguka.

Fundi anapokutana na boliti ya namna hiyo, hatua yake ya kwanza ni kuongeza urefu wa spana kwa kipande cha bomba na kuning'inia. Ikifunguka, vizuri. Isipofunguka, boliti inakatika. Hapo gharama inapanda: kutoboa kwa drili, kutengeneza meno upya kwa tapu, au kubeba kipande kizima kukipeleka mjini kwa fundi wa mashine ya kukerezea. Studi ikikatikia ndani ya silinda hedi, siku mbili zimekwenda na nauli juu yake.

Hita inavyofanya kazi

Wanaotumia majiko ya umeme ya indaksheni wanaijua kanuni hii, ingawa huenda hawajaitambua. Jiko lenyewe halitoi joto kama jiko la kawaida la koili. Sufuria ya chuma ndiyo inayopata joto. Hita ya fundi ni hivyo hivyo. Ina koili ya waya mnene unaozungushwa kwenye nati bila kuibana. Ndani ya koili unapita umeme unaogeuza mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na kugeuka huko kunazalisha mikondo ya umeme ndani ya chuma chenyewe. Chuma kinakataa mikondo hiyo, na ukinzani huo ndio unaokuwa joto. Kanuni hii ilivumbuliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831.

Faida yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba joto linaanzia kwenye ngozi ya nje ya chuma kilicho ndani ya koili, yaani nati, kabla ya kufika kwenye boliti. Nati inapanuka huku boliti ikiwa bado haijapata moto sawasawa. Nati ya boliti ya milimita 20 ikiongezwa joto la nyuzi 400, tundu lake hupanuka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kiasi kidogo kwa macho, lakini kinatosha kuivunjavunja kutu iliyokuwa imefunga meno. Kwa nati za kawaida za trekta, za milimita 10 hadi 16, kazi hiyo huchukua sekunde 15 hadi 30. Kubwa zaidi huchukua dakika moja au mbili.

Faida ya pili ni kwamba joto halisambai hovyo. Mpira, mafuta na nyaya zilizo sentimita chache kutoka hapo haziguswi na mwali, maana mwali haupo.

Kwa studi iliyozama ndani ya chuma kingine hesabu inageuka. Hapo ni studi yenyewe inayopashwa. Inapanuka na kuiponda kutu, kisha ikiachwa ipoe inanywea na kuacha mwanya. Fundi anayeikimbilia ikiwa bado nyekundu ataikata, kwa sababu chuma chekundu ni laini. Subira ya dakika chache ndiyo dawa.

Kifaa hiki kina mipaka yake. Kinafaa chuma cha kawaida; shaba na alumini hazipati joto la maana kwa hita ndogo. Koili inahitaji kuzunguka kitu, hivyo studi iliyokatika hadi usawa wa uso wa injini ni vigumu kuipata. Na boliti nene sana, zile za milimita 24 kwenda juu, huzishinda hita ndogo za wati 1,000.

Tulinganishe na njia zilizopo

Mkulima na fundi hawaanzi kwenye sifuri. Wanazo njia nyingine, na nyingine ni nzuri.

Grainda ndiyo ya haraka kuliko zote pale nati inapoonekana na boliti imepenya upande wa pili. Kata, tupa, weka mpya. Kwa boliti ya plau hakuna sababu ya kununua hita ili kuokoa boliti ya bei ndogo. Lakini grainda haifiki kila mahali, na studi ya injini haikatwi kisha ikasahauliwa.

Kuchomelea nati juu ya studi iliyokatika ni ufundi unaojulikana sana mitaani, na unastahili heshima. Joto la kuchomelea linailegeza studi, na nati mpya inampa fundi mahali pa kushika spana. Kwa studi iliyokatika, njia hii bado inaishinda hita ya indaksheni.

Gesi ya oksijeni na asetilini ina nguvu kuliko zote. Mwali wake unazidi nyuzi 3,000, haujali ukubwa wa boliti, na haungoji umeme urudi. Lakini mitungi ni mizito, kujaza ni mjini, na moto wake hautofautishi nati na bomba la mpira lililo jirani. Wapo pia mafundi wanaotumia mitungi ya kienyeji ya kabaidi, na hiyo ni hatari ambayo haipaswi kuitwa njia nafuu. Mtungi huo ukilipuka, gharama yake haiandikwi kwa shilingi.

Kwa hiyo nafasi ya hita ya indaksheni ni ya katikati: boliti na nati zinazoonekana na kuzungukika, zisizofaa kukatwa, zilizo karibu na vitu vinavyoungua. Kwenye trekta, pawatila, tela na mashine ya kusaga, sehemu za namna hiyo ni nyingi, lakini si zote.

Hesabu ya mwenye trekta

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu, na kila msomaji aweke za kwake kulingana na bei za mahali alipo.

Tuseme trekta linalima ekari nane kwa siku kwa Sh60,000 kila ekari. Mapato ni Sh480,000. Dizeli lita 50 kwa Sh2,800 ni Sh140,000. Dereva na utingo Sh60,000. Kinachobaki ni Sh280,000. Hiyo ndiyo bei ya siku moja ya trekta kusimama katikati ya msimu.

Tuseme hita, ikiwa imefika mlangoni pamoja na usafirishaji na ushuru, ni Sh1,200,000. Kwa haraka mtu atasema siku nne au tano zikiokolewa, fedha imerudi. Lakini siku nne za kusimama kwa sababu ya boliti tu, kwa trekta moja katika msimu mmoja, ni nyingi mno. Tukiwa wakweli, tuseme kifaa kitaokoa nusu siku kwa msimu. Hiyo ni Sh140,000. Mwenye trekta moja atasubiri karibu misimu tisa kurudisha fedha yake, na kabla ya hapo kifaa chenyewe kitakuwa kimechoka. Kwake jibu ni hapana. Fedha hiyo ingemfaa zaidi kwenye betri mpya, matairi au akiba ya vipuri vinavyokufa mara kwa mara.

Sasa tuwachukue wenye matrekta kumi wa kata moja au wa ushirika mmoja wa AMCOS. Kila mmoja anachanga Sh120,000. Kila mmoja akiokoa ile ile nusu siku, kikundi kimeokoa Sh1,400,000 kwa msimu mmoja. Kifaa kimejilipa katika mwaka wa kwanza na kubakiza chenji. Kifaa ni kile kile na bei ni ile ile, isipokuwa kinafanya kazi mara kumi badala ya mara moja.

Hesabu ya fundi

Fundi wa gereji anaitazama tofauti. Yeye hauzi siku, anauza kazi. Tuseme anatoza Sh10,000 kulegeza boliti iliyoganda. Umeme ni kitu kidogo mno: hita ya wati 1,500 ikiwaka kwa dakika mbili hutumia asilimia tano ya uniti moja, na hata ukihesabu uniti kwa Sh400, ni Sh20.

Gharama halisi ni koili. Waya wake unavikwa kitambaa cha kuzuia joto, na kila ukigusa chuma chekundu kitambaa kinaungua kidogo. Tuseme koili ni Sh40,000 na inamaliza kazi 30. Kila kazi imekula Sh1,300 hivi za koili. Fundi anabaki na Sh8,600 hivi. Ili arudishe Sh1,200,000 anahitaji kazi kama 140.

Gereji iliyo kwenye njia kuu au kwenye soko la mazao kama Kibaigwa, ambako malori, matela na matrekta hupita, inaweza kupata kazi nne kwa wiki na kumaliza deni kabla ya mwaka kwisha. Gereji ya kijiji chenye matrekta mawili haitafika. Fundi asinunue kwa sababu mwenzake wa mjini amenunua. Kwanza aandike kwenye daftari, kwa miezi mitatu, ni mara ngapi boliti iliyoganda imemchelewesha. Namba hiyo ndiyo itakayomwambia.

Hasara isiyoandikwa popote

Ipo hasara ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Trekta likisimama siku mbili, mwenye trekta anapoteza Sh560,000. Lakini nyuma yake kuna foleni. Tuseme foleni ni ya ekari 80. Zote zinasogea mbele kwa siku mbili. Kama kuchelewa huko kutapunguza mavuno kwa debe moja tu la mahindi kwa kila ekari, na debe ni Sh12,000, wakulima wale kwa pamoja wamepoteza Sh960,000. Ni zaidi ya hasara ya mwenye trekta.

Hasara hii haimo kwenye daftari la mwenye trekta wala la fundi. Ndiyo maana kila mmoja wao, akipiga hesabu yake peke yake, anaweza kuona kifaa hakilipi, wakati kijiji kizima kinapata hasara kwa kukikosa. Hapa ndipo ushirika unapokuwa na maana. Wakulima wanaosubiri trekta nao wana haki na sababu ya kuchangia gereji nzuri, kwa kuwa wao ndio wanaolipa gharama ya gereji mbovu.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi aangalie mambo yafuatayo.

Kwanza, umeme wa kifaa. Umeme wetu ni volti 230. Hita nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zimetengenezwa kwa soko la Marekani, volti 110 hadi 120. Ukiichomeka hapa, unaweza kuwa umenunua moshi.

Pili, jenereta. Hita ya wati 1,500 isifungwe kwenye kijenereta cha kuwashia taa. Jenereta iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya wati za kifaa, na waya wa kuunganishia uwe mnene na usiwe mrefu kupita kiasi. Sola ya nyumbani ya taa na televisheni haitaiweza.

Tatu, koili za akiba. Muulize muuzaji bei ya koili na kama anazo dukani leo. Kifaa kisicho na koili ni chuma chakavu.

Nne, muda wa kupumzika. Hita ndogo hazikutengenezwa kuwaka mfululizo. Maelekezo yake hutaja dakika za kufanya kazi na dakika za kupoa. Fundi asiyejali ataiua katika mwezi wa kwanza.

Tano, ushuru. Matrekta na zana nyingi za kilimo hupewa nafuu ya kodi. Hita ni kifaa cha gereji na haina jina la zana ya kilimo, hivyo ni vema kumuuliza wakala wa forodha kabla ya kuagiza, siyo mzigo ukiwa umeshafika bandarini.

Hakuna mwali, lakini hatari ipo

Kukosekana kwa mwali kumewafanya baadhi ya watu wadhani kifaa hiki ni salama kabisa. La hasha. Nati yenye nyuzi 700 itawasha mafuta yaliyomwagika kama kiberiti. Mafuta ya kulegeza kutu yapuliziwe baada ya chuma kupoa, siyo wakati kimeiva. Tangi la petroli na mabomba yake yakae mbali.

Jambo la hatari kuliko yote ni nati za gurudumu. Usipashe moto nati au ringi ikiwa tairi limejazwa upepo. Joto linaweza kuoza mpira kwa ndani, ukatoa gesi, na tairi likalipuka muda mfupi baadaye kwa nguvu ya kuua. Hata tairi lililotolewa upepo lisipashwe likiwa bado kwenye ringi. Vilevile shokomzoba na kitu chochote kilichofungwa na kina gesi au springi iliyobanwa ndani, visiguswe.

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asikishike wala asikae karibu na hita hiyo. Pete na saa zivuliwe, kwani nazo ni metali. Boliti zilizopakwa zinki hutoa moshi unaosababisha homa, hivyo kazi hiyo ifanyike mahali penye upepo.

Mwisho, boliti iliyokuwa nyekundu isirudishwe. Boliti zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani zimepewa nguvu kwa kupashwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo. Ukiziwasha hadi nyekundu, nguvu hiyo imeondoka, ingawa kwa macho inaonekana ni ile ile. Weka mpya yenye alama ile ile. Fundi anayekurudishia ya zamani ili uokoe Sh2,000 amekuuzia ajali.

Kinga ni nafuu kuliko tiba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu mkulima, kabla ya kufikiria hita, fikiria grisi. Mwisho wa msimu, siyo mwanzo wake, ndio wakati wa kuosha plau na rotaveta, kulegeza boliti moja moja, kuzipaka grisi na kuzirudisha. Kwa studi za bomba la moshi ipo grisi maalumu ya kuvumilia joto, na kopo moja dogo linatosha misimu kadhaa. Pawatila iliyotoka kwenye jaruba isilale na tope. Boliti iliyopakwa grisi mwezi Juni haitamsumbua mtu mwezi Desemba.

Kazi hiyo inachukua siku moja au mbili katika kipindi ambacho siku haina bei, ili kuokoa siku katika kipindi ambacho bei yake ni Sh280,000. Hakuna benki inayotoa faida ya namna hiyo.

Nini kifanyike

Kwanza, vikundi vya wenye matrekta na AMCOS viache kuiona gereji kama jambo la fundi peke yake. Kifaa cha Sh1,200,000 kinachowashinda mmoja mmoja kinawezekana kwa kumi. Kikae kwa fundi mmoja aliyechaguliwa, kwa mkataba mfupi unaosema nani anabadilisha koili, nani anatangulia msimu ukipamba moto, na wasio wanachama walipe kiasi gani.

Pili, vijana mafundi waitazame mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani nne kwa vijana, nne kwa wanawake na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Maombi ya vikundi vya kufuga na kuuza duka ni mengi. Kikundi cha mafundi wenye daftari linaloonyesha idadi ya kazi na orodha ya zana wanazohitaji kitakuwa na hoja nzito mbele ya kamati.

Tatu, vyuo vya VETA na taasisi kama SIDO na CAMARTEC ya Arusha vina nafasi ya kuonyesha kifaa hiki kwa mafundi kabla hawajakinunua. Nusu siku ya mafunzo, fundi akakishika, akaona kinachoweza na kisichoweza, itaokoa fedha nyingi kuliko tangazo lolote la muuzaji.

Nne, watunga sera wanapopanga vituo vya zana za kilimo, bajeti isiishie kwenye bei ya trekta. Kila kituo kiwe na gereji, na gereji iwe na zana za kisasa, ikiwamo hii. Trekta jipya leo litakuwa na boliti zenye kutu baada ya misimu mitatu. Swali si kama zitaganda, bali ni nani atakuwepo siku hiyo na ana nini mkononi.